Herufi Nene, Uzi Mwembamba

Mhadhara wa wazi uliotolewa Makindu, Kaunti ya Makueni



Nimekuja kuzungumza juu ya kitu mnachokishika mikononi kila wiki, ingawa ni wachache wanaokitazama: sura ya herufi. Sura hizo ni nyingi mno, kwa hiyo nimechagua moja, yenye madaha kuliko zote. Mnaijua. Ndiyo inayobeba majina ya bwana na bibi harusi kwenye kadi ya mwaliko. Ndiyo inayoandika jina la marehemu juu ya picha yake kwenye kijitabu cha mazishi. Iko kwenye kisanduku cha manukato na kwenye jalada la jarida la mitindo. Mistari yake ya wima ni minene. Mistari yake ya kulala ina wembamba wa unywele, na kutoka unene hadi wembamba hakuna kituo cha kupumzika. Miguuni mwa herufi nyingi kuna kikia kilichonyooka, ambacho wenye fani hukiita serifu, nacho pia ni chembamba.

Neno langu kwenu ni hili. Uzuri wote wa herufi hii umewekwa kwenye ule uzi mwembamba, na uzi huo ndio wa kwanza kufa kwenye karatasi zetu, mashine zetu na jua letu. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni ya sura tu. Kwa Kikamba uzi ukifa hufa na vokali.

Tuanze na kalamu, maana herufi zote zilizaliwa na kalamu kabla ya kulelewa na chuma. Pwani yetu ilijua mapema sana kucheza na unene na wembamba. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika karne za 18 na 19 kwa waandishi wa misahafu. Mwandishi wa khati alitumia kalamu ya tete iliyokatwa ncha bapa. Kalamu ya namna hiyo haitaki nguvu. Ukiivuta kwa upana wa ncha inatoa mstari mnene, ukiivuta kwa ubavu inatoa mwembamba, na mkono unapozunguka unene unaingia na kutoka taratibu. Ulaya ya karne ya 18 ikapenda kalamu nyingine, yenye ncha kali iliyopasuliwa katikati. Hii ukiikandamiza inatanuka. Ukiilegeza inarudi kuwa sindano. Hapo unene hautokani tena na mwelekeo wa mkono, unatokana na nguvu ya vidole. Mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa patasi ndogo yakaizidisha tabia hiyo, kwa sababu shaba inakubali mstari mwembamba kuliko wowote ambao wino ungeweza kuacha kwa kalamu.

Sasa mtu akasema, kwa nini vitabu visifanane na hati hizi nzuri? Mtu huyo, au mmoja wa waliosema hivyo, alikuwa John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, aliyewahi kuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi kwenye mawe. Aligundua kwamba hawezi kubadilisha herufi peke yake. Karatasi ya wakati ule ilikuwa na mikwaruzo, na wino ulisambaa. Basi akashughulikia vyote: wino mweusi zaidi, karatasi nyororo, na karatasi hiyo baada ya kuchapwa akaipiga pasi kwa mabamba ya moto. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757. Ninawaomba msisahau mpangilio huo, karatasi na wino pamoja na herufi, kwa sababu nusu ya makosa yanayofanyika katika maduka yetu ya uchapishaji ni kuchukua herufi na kuiacha karatasi.

Wengine walimlaumu Baskerville kwamba herufi zake zinaumiza macho. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia barua ya kumchekesha. Alisema alikutana na bwana mmoja aliyedai kwamba Baskerville atalipofusha taifa zima. Franklin akachukua karatasi ya mfano ya herufi za Caslon, zile za zamani ambazo kila mtu alizipenda, akaichana sehemu yenye jina, akampa na kumwambia hizi ni za Baskerville. Bwana yule akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine, akalalamika kwamba hawezi kuendelea kusoma kwa jinsi macho yanavyomuuma. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinatufundisha kuwashuku wataalamu, pamoja na huyu anayewahutubia.

Waliofika mwisho wa njia hiyo walikuwa wawili. Paris, ukoo wa Didot ulikuwa wa wachapaji baba kwa mwana, na Firmin Didot ndiye aliyechonga, katika miaka ya 1780, herufi ambazo uzi wake usingeweza tena kuwa mwembamba zaidi. Parma, Italia, Giambattista Bodoni aliendesha matbaa ya mtawala kuanzia 1768 hadi alipofariki mwaka 1813. Kitabu chake kikubwa cha mifano ya herufi kilitolewa na mjane wake mwaka 1818, juzuu mbili. Bodoni alichapisha vitabu vya wakuu, vyenye kurasa pana na nafasi nyeupe nyingi. Hakuwa na haraka wala hakuwa na bajeti ya harambee.

Kazi yenyewe wachongaji wa mbao wa Wamunyu wangeielewa bila kuelezwa sana. Fundi alichukua fimbo fupi ya chuma cha pua, akachonga herufi nchani ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kiooni. Akaigonga kwenye kipande cha shaba ikaacha shimo. Shimo likafungwa ndani ya kalibu, ikamiminwa risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, na herufi ikatoka. Kila ukubwa ulichongwa upya kwa mkono. Hapo pana siri ambayo kompyuta imetusahaulisha: fundi aliyechonga herufi ndogo aliunenepesha uzi, akapanua nafasi, akaipunguzia herufi madaha ili isomeke. Herufi kubwa aliiachia madaha yake yote. Siku hizi kijana anachukua herufi iliyochorwa kwa ajili ya jalada, anaishusha mpaka iwe ndogo kuliko mbegu ya ndengu, halafu anashangaa kwa nini wasifu wa marehemu hausomeki.

Pengine mnajiuliza Paris na Parma zinatuhusu nini. Zinatuhusu kwa karibu kuliko mnavyodhani. Karne ya 19 ilipofika katikati, herufi za kawaida za vitabu vya Ulaya zilikuwa za ukoo huuhuu, ingawa ukali wake ulikuwa umepunguzwa. Na wakati huohuo lugha zetu ndipo zilipoanza kupigwa chapa kwa alfabeti ya Kilatini. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Rabai, alikuja Ukambani mwaka 1849, akapokewa Kitui na mfanyabiashara mkuu Kivui, na kutoka huko, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata, mjini Tübingen, ikachapwa Injili ya Marko kwa Kikamba, pamoja na kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kwa hiyo tusiseme kwamba herufi hizi ni wageni waliokuja juzi na simu. Kikamba na Kiswahili viliingia kwenye karatasi katika zama ambazo ukoo wa Didot na Bodoni ulikuwa umeshika vitabu.

Lakini vilikuta sanduku la herufi lililopangwa kwa ajili ya wengine. Wasubu herufi wa Uingereza walikuwa na orodha yao mashuhuri ya kumuuzia mpiga chapa seti kamili: e 12,000, a 8,500, k 800, z 200. Hesabu hiyo inafaa kwa Kiingereza. Chukueni ukurasa wowote wa gazeti la Taifa Leo mhesabu. Herufi a inashinda zote, na k ipo kila mahali, kwa sababu iko katika ki, ku, kwa, ka, katika na lakini. Mpangaji wa herufi aliyepewa sanduku la Kiingereza alimaliza k zake wakati e bado zimejaa. Sipati kielelezo kizuri kuliko hiki cha jinsi chombo kinavyobeba ndani yake lugha ya aliyekitengeneza.

Karne ya 20 sitaikalia sana. Herufi hii ilitolewa vitabuni, ikahamia kwenye majarida ya mitindo, nayo yakaifanya sauti ya utajiri. Vogue na Harper's Bazaar yaliijenga sura yao juu ya Didot. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jonathan Hoefler aliichora upya kwa ajili ya Harper's Bazaar, na alichokifanya kinastahili heshima: aliichora kwa ukubwa saba tofauti, kuanzia pointi 6 hadi 96, ili uzi ubaki mwembamba kwenye kichwa cha habari na pia kwenye maelezo ya picha bila kukatika. Alirudi kwa fundi wa kalibu. Kisha mwaka 2011 Claus Eggers Sørensen, raia wa Denmark, akatoa Playfair Display, herufi ya bure kwa kila mtu, na kutoka hapo madaha yakashuka bei. Ndiyo mnayoikuta kwenye programu za kutengeneza kadi kwa simu. Nusu ya harusi za Barabara ya Mombasa, naamini, zimeoana kwa Playfair.

Sasa tutoke nje kidogo. Makindu ni mji wa njia. Ulikua na reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Mafundi wa Kisingasinga wakaacha hekalu lao hapa, lililojengwa 1926, na mpaka leo msafiri anakula humo bila kulipa. Anayepita hapa anapita ndani ya basi au lori. Basi fikirieni mwenye hoteli aliyependezwa na kadi ya harusi ya bintiye, akamwambia mchora mabango amwandikie HOTELI kwa herufi zilezile. Mstari wa katikati wa H ni uzi. Kichwa cha T ni uzi. Mikono ya E ni uzi. Ukikaribia, bango linapendeza. Kwa macho ya abiria anayetoka Mombasa ndani ya basi, H ni nguzo mbili, T ni nguzo moja, E ni nguzo moja, L ni nguzo moja na I ni nguzo moja. Katikati yao kuna O iliyopasuka juu na chini. Msafiri mwenye njaa atapita, akale mbele, Emali.

Jua nalo lina kazi yake. Bango la karatasi au la turubai likikaa nje, rangi inapauka, na penye rangi kidogo ndipo panapotoweka kwanza. Mashine ya fotokopi ni hivyohivyo: nakala ya nakala huanza kwa kula nyuzi. Karatasi ya gazeti inafanya kinyume, inanywa wino na kuuvimbisha uzi, matumbo ya a na e yakaziba, na madaha yakageuka unene mtupu. Ndiyo sababu magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea vichwa vya herufi nene zisizo na vikia, nami siwalaumu wahariri wake.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye vijitabu vya mazishi. Familia inataka jalada lenye picha ya marehemu, mandhari ya zambarau iliyokolea, na maandishi meupe juu yake. Meupe hayo si wino. Ni karatasi iliyoachwa wazi kati ya rangi nne zilizopigwa moja juu ya nyingine. Rangi hizo zikikosa kulingana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, ule uzi mweupe unazibwa, na jina la mtu aliyeishi miaka 80 linabaki vipande. Atakayevaa kanzu nyeupe kwenda kupalilia kunde asiilaumu kanzu. Maandishi meupe juu ya rangi iliyokolea yanataka herufi yenye uzi mnene, au basi jina liwe kubwa sana, na wasifu wa ndani uandikwe kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe kwa herufi ya kawaida ya kitabu.

Kiswahili chenyewe kina mtihani wake kwa herufi hizi, nao hautajwi mara nyingi. Andikeni kwa herufi kubwa: KWA WATU WA MAKINDU. Tazameni W na A zinavyokutana. Zote mbili zina miguu ya mshazari, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na kati yao kunabaki pengo. K nayo inanyoosha mkono wake mwembamba hewani. Katika Kiingereza mikutano ya namna hii hutokea. Katika Kiswahili ndiyo lugha yenyewe: wa, kwa, ya, ka, wawakilishi, wakazi, yakawaka. Mchoraji mzuri wa herufi huamua mapema kila jozi ikaribiane kiasi gani, lakini kwa kawaida huanza na jozi za lugha yake. Kwa hiyo kabla ya kukubali herufi ya kichwa cha habari, iandikeni sentensi yenye wa na ya nyingi, muichapishe kwa ukubwa, mbandike ukutani, mrudi nyuma hatua kadhaa. Mkiona maneno yamevunjika mahali pasipo nafasi, zisogezeni kwa mkono, jozi kwa jozi. Ni kazi ya dakika chache kwa kichwa kimoja, na ndiyo inayomtofautisha msanifu kurasa na mtu mwenye kompyuta.

Nimefika nilikotaka kufika. Kikamba kina vokali saba. Tano zinaandikwa kama za Kiswahili, na mbili zimevaa wimbi dogo kichwani: ĩ na ũ. Mũndũ anazo mbili. Mũtĩ unazo mbili. Jina la lugha yenyewe, Kĩkamba, na jina la Kĩtui, yanazo. Wimbi hilo si pambo, ni nusu ya herufi. Na katika herufi za ukoo wa Didot, wimbi limechorwa kwa kanuni ileile ya kalamu yenye ncha kali: linaanza kwa uzi, linanenepa katikati, linaishia kwa uzi. Lichapwe dogo, au lipite kwenye fotokopi, nyuzi za pande mbili zinakufa na linabaki doa. Mũsyoka anakuwa mtu mwenye kidonda juu ya u.

Hayo ni ikiwa wimbi lipo. Herufi nyingi za kuvutia zinazopatikana bure zimechorwa kwa ajili ya Kiingereza na lugha chache za Ulaya Magharibi. Zina ñ kwa ajili ya Wahispania, zina ã na õ kwa ajili ya Wareno, lakini hazina ĩ wala ũ. Kompyuta ikikosa herufi inafanya moja kati ya mambo mawili: inaweka kisanduku kitupu, au inaazima herufi kutoka kwenye sura nyingine bila kukuambia. Ndipo unapoona jina la bibi harusi limeandikwa kwa madaha yote isipokuwa herufi moja katikati, nene na butu. Kuna pia kosa la tatu. Mchoraji mvivu anabandika wimbi juu ya i bila kuondoa nukta, vikapandana. Au wimbi linakuwa pana kuliko i yenyewe na kugonga mkono wa K katika Kĩtui.

Wengi wamechoka wakaacha mawimbi kabisa. Mabango ya barabarani hayana, vitambulisho havina, na vijana wanaandikiana kwenye simu bila hayo na wanaelewana. Sina ugomvi na ujumbe wa simu. Lakini jalada la kitabu cha watoto, jiwe la kaburi, jina la shule, kichwa cha wimbo katika kitabu cha kanisa, haya ni maandishi yanayokaa. Mtoto anayejifunza kusoma lugha ya mama anajifunza kutoka kwenye maandishi makubwa kwanza, na maandishi makubwa ndiyo yanayopewa herufi za madaha.

Iko njia rahisi, na nawapa bure. Kivietnamu nacho kinatumia ĩ na ũ. Kwa hiyo mnapochagua herufi, tafuteni kwenye maelezo yake kama inakubali Kivietnamu. Ikikubali, Kikamba kimo ndani, na vilevile Kikuyu, Kimeru na Kiembu. Playfair Display inakubali. Toleo lililofuata, linaloitwa Playfair tu, limeongezwa kitu ambacho Firmin Didot angekifurahia: linajinenepesha uzi kadiri unavyolipunguza ukubwa. Hakuna shilingi inayotakiwa.

Nimalizie kwa ombi kwa makundi matatu yaliyo ndani ya ukumbi huu. Vijana wa saiba, yaani maduka ya kompyuta, tumieni herufi hii kwa maneno machache na kwa ukubwa wa pointi 36 kwenda juu. Chini ya 18 iacheni. Wenye maduka ya uchapishaji, mteja akileta kazi yenye majina ya Kikamba, mwulizeni kama majina yana mawimbi kabla hamjawasha mashine, kisha chapeni nakala moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, wala msiidhinishe kwa kuangalia skrini. Walimu na wachungaji, ninyi ndio mnaopeleka kazi nyingi kuliko wote: andikeni majina kwa usahihi kwenye karatasi mnayompelekea mchapaji, maana yeye hawezi kurudisha wimbi ambalo ninyi mmelidondosha njiani.